Kipi kwenye kabati lako kinaua fangasi? Mwongozo kamili kwa ngozi za kando ya ziwa

Mama mmoja anayeanika dagaa kule Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, aliingia duka la dawa ninalofanyia kazi akiwa na kikapu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie haya mafuta. Kuna lolote humu linaloua fangasi, au nimetajirisha wenye maduka bure?"

Akavipanga juu ya kaunta kimoja kimoja, vitu saba: losheni ya mwarobaini, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, kipande cha sabuni ya salfa, shampuu ya mba ya kijana wake, krimu ya chunusi ya binti yake, na tyubu ndogo isiyo na boksi aliyoletewa na jirani. Katikati ya vidole vyake vya miguu ngozi ilikuwa nyeupe imelowa, imechanika. Shingoni alikuwa na mabaka yaliyopauka. Miezi mitatu alikuwa anapaka kwa zamu: leo hiki, kesho kile.

Katika vile saba, kimoja kilikuwa na kazi ya kweli, viwili vilikuwa na kazi ndogo, viwili vilikuwa vya kulainisha ngozi tu, na viwili ndivyo vilivyokuwa vinamlea fangasi. Nilimweleza kwa dakika kumi hivi, na foleni nyuma yake ikanuna. Hapa nina nafasi zaidi.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nani

Watu wakisema "nina fangasi" wanakuwa wamesema nusu tu. Fangasi wa ngozi tunaokutana nao kila siku ni makundi matatu, na kila kundi lina chakula chake. Kinachomuua huyu kinaweza kumshibisha yule.

Kundi la kwanza hula keratini, ile protini inayotengeneza tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Ndio hao wataalamu wanaowaita Trichophyton na ndugu zake. Wakikaa mwilini tunaita choa: duara lenye ukingo ulioinuka, linawasha, katikati kunaonekana kama kunapona huku pembeni kunasonga mbele. Wakikaa kichwani kwa mtoto ni mapunye. Katikati ya vidole ni zile fangasi za miguuni, hasa pale kidole cha mwisho kinapobanana na jirani yake. Mapajani, kwenye kucha, ni hao hao.

Kundi la pili ni Malassezia. Huyu si mgeni, yumo kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, anaishi kwa kula mafuta ya ngozi. Akizidi, kifuani, mgongoni na shingoni hutokea utangotango, na kichwani huchangia mba. Kumtambua utangotango kuna mbinu ndogo: vuta ngozi yenye baka kwa vidole viwili, au ikwaruze taratibu kwa ukucha. Ukiona unga mwembamba unainuka kama wa ngano, kuna uwezekano mkubwa ni yeye.

Kundi la tatu ni Candida, mpenda unyevu. Utamkuta chini ya matiti, makwapani, kwenye mikunjo ya tumbo, na kwa mtoto anayekaa na nepi iliyolowa. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, mbichi, na pembeni kunakuwa na vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika.

Kuna vitu vinne vinavyojifanya fangasi, na huku kwetu ni muhimu kuvitenga mapema.

Ukitoka kuoga au kuvua ziwani na mwili ukaanza kuwasha saa hiyo hiyo au ndani ya siku moja, hiyo inaweza kuwa ngozi inalalamikia vijidudu vya kichocho au jamaa zake walioingia kutoka majini. Hakuna krimu ya fangasi itakayosaidia. Unachohitaji ni kupima kichocho baadaye.

Muwasho unaozidi usiku, kwenye vidole vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, tena nyumba nzima inajikuna, huo ni upele, na dawa yake ni nyingine.

Pumu ya ngozi nayo huweza kuja kwa umbo la sarafu, ikadhaniwa choa.

Na la nne nalisema polepole: baka lililopauka au lenye wekundu ambalo halina hisia. Chukua pamba, fumba macho, mwenzako aguse baka na ngozi ya pembeni. Kama kwenye baka husikii pamba, usipake kitu chochote. Nenda kituo cha afya ukapimwe ukoma. Tanzania bado tunao, unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure.

Hatua ya 2: Weka chini kila kitu chenye "beta"

Ile tyubu isiyo na boksi ndiyo niliyoitenga kwanza. Mama alikuwa na sababu nzuri ya kuiamini: "Hii ndiyo inayonituliza, mwanangu. Nikipaka, silali najikuna."

Ni kweli inatuliza. Ilikuwa klobetasoli, steroidi yenye nguvu sana. Kazi ya steroidi ni kunyamazisha kinga ya ngozi, na muwasho wa fangasi unatokana kwa sehemu kubwa na kinga ya mwili inapopigana. Ukimfunga mdomo mlinzi, kelele zitaisha na mwizi ataendelea kubeba. Duara la choa linapoteza ukingo wake, linatanuka kimyakimya, na hata daktari anaweza asilitambue tena. Ukiacha kupaka, muwasho unarudi maradufu, na wewe unaamini ugonjwa umerudi kwa sababu umeacha dawa.

Tatizo ni majina. Klotrimazoli huua fangasi. Klobetasoli huwastawisha. Ukiyatamka haraka dirishani, kwenye kelele za bodaboda, yanafanana kama mapacha. Kwa majina hayo mawili, mimi hufundisha wateja hivi: ukiona "tri" umefika, ukiona "beta" rudisha. Betamethazoni nayo inaingia humo humo. Na usidanganywe na tyubu za mchanganyiko, zile zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja. Zinauzika sana kwa sababu zinatuliza siku ya pili, na zimetuletea choa sugu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Hapa ndipo mkorogo unapoingia. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa kificho zina steroidi hizo hizo, na nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Mtu anapaka usoni na shingoni kila siku, halafu anashangaa utangotango hauishi. Dada zangu wa saluni msinichukie. Kama umetumia mkorogo kwa miezi mingi, usiuache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, maana uso unaweza kuwaka.

Hatua ya 3: Soma kopo kabla ya kuamini picha ya jani

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe. Kwenye sahani ya maabara karibu kila kitu kinaua fangasi: kitunguu saumu, siki, mwarobaini, asali, mafuta ya karafuu. Mtu anasoma hivyo kwenye simu, anakimbilia jikoni. Lakini ngozi si sahani. Kwa kila kiungo nauliza maswali matatu: kipo kiasi gani, kinakaa kwenye ngozi muda gani, na kinafika pale fangasi alipo?

Swali la kwanza kopo lenyewe linajibu. Kwenye vipodozi vinavyofuata taratibu, viungo huandikwa kwa mpangilio wa wingi, kilicho kingi kikiwa mbele. Vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote huko mwishoni. Kwa hiyo ukikuta mwarobaini umeandikwa baada ya manukato, jua kilichochorwa kwenye kopo ni jani zima na kilichomo ndani ni harufu yake. Losheni ya mama ilikuwa hivyo: maji, mafuta, glisirini, vitu vya kugandisha, manukato, ndipo mwarobaini. Inalainisha vizuri. Aipake viwikoni.

*Asidi ya salisiliki.* Hii imo kwenye krimu na sabuni za chunusi, mara nyingi asilimia 0.5 hadi 2. Haiui fangasi sana, ila inamenya tabaka la juu la ngozi iliyokufa, na humo ndimo fangasi wanamoishi. Ni kama kubomoa nyumba badala ya kumpiga mpangaji. Mwaka 1907 daktari wa ngozi wa Uingereza, Arthur Whitfield, aliichanganya na asidi ya benzoiki, ile ile inayozuia ukungu kwenye juisi na vyakula vya kopo. Mchanganyiko wake, benzoiki asilimia 6 na salisiliki asilimia 3, umewahi kuwemo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ukiulizia mafuta ya Whitfield duka la dawa, mzee yeyote wa kaunta anayajua. Ni ya bei nafuu na yanafanya kazi kwenye choa na miguuni. Utafiti wa Malawi uliochapishwa 1994 uliyalinganisha na klotrimazoli, na tofauti haikuwa kubwa. Ubaya wake: yanachoma. Usipake usoni, sehemu za siri, wala kwenye ngozi iliyochanika, na usimpake mtoto mchanga.

Krimu ya chunusi ya binti, kwa hiyo, ilikuwa na nusu ya fomula ya Whitfield, tena nusu dhaifu. Nikaiweka kwenye fungu la "kazi ndogo".

*Zinki pairithioni, seleniamu salfaidi na ketokonazoli.* Hivi ndivyo viungo vya shampuu za mba, na hapa kuna hazina ambayo watu wanaiosha kichwani na kuimwaga. Malassezia wa mba na Malassezia wa utangotango ni ukoo mmoja. Shampuu ya mba basi ni dawa ya utangotango, ukiipaka pale palipo na mabaka na kuiacha ikae. Shampuu ya kijana ilikuwa na zinki pairithioni asilimia 1. Ndiyo ile niliyosema ina kazi ya kweli. Kijana alibaki bila shampuu siku hiyo. Umoja wa Ulaya uliondoa kiungo hiki kwenye vipodozi mwaka 2022, kwa hiyo chapa nyingine zimebadilisha mchanganyiko. Soma kopo ulilonalo mkononi, usitegemee jina ulilozoea.

*Salfa.* Sabuni ya salfa inamenya ngozi kidogo na kupunguza Malassezia kidogo. Shida yake ni swali la pili: sabuni inakaa mwilini sekunde ngapi kabla ya maji? Ukiacha povu lake likae dakika tano unapata zaidi. Kwa fangasi za miguuni usiitegemee.

*Mafuta ya mti wa chai.* Haya yanapendwa sana na wauzaji wa vipodozi vya asili, na hayana uongo wote. Kwenye majaribio ya fangasi za miguuni, krimu yenye asilimia 10 ilipunguza muwasho na magamba lakini haikumwondoa fangasi mwenyewe. Ilipopandishwa hadi asilimia 25 na 50, walipona wengi zaidi kuliko waliopaka kitu kisicho na dawa, ila baadhi walipata mzio mkali. Sasa angalia losheni au sabuni ya "mti wa chai" mkononi mwako: ina asilimia ngapi? Mara nyingi haisemi, na sababu ya kutosema unaijua.

*Propilini glaikoli.* Imo kwenye losheni nyingi kama kiungo cha kuvuta unyevu, na hakuna anayeitangaza. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, ikapakwa mara mbili kwa siku wiki mbili, imewahi kutumika kutibu utangotango kwa mafanikio. Losheni yako ina asilimia chache tu. Kiungo ni kile kile, kiasi ndicho kinachotofautisha kipodozi na dawa.

*Parabeni, fenoksiethanoli, sodiamu benzoeti.* Hivi ni vya kulinda kopo lisiote ukungu. Havilindi mguu wako.

*Asidi ya undesileniki.* Dawa ya zamani ya miguu, hutengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto mkali kiwandani. Usije ukasema, "Aa, basi nyonyo ninayo nyumbani." Mafuta ghafi ya nyonyo hayana asidi hiyo.

*Asidi ya azelaiki.* Krimu za asilimia 15 hadi 20 hutumika kwa chunusi na madoa. Ina nguvu kidogo dhidi ya fangasi, lakini naitaja kwa sababu ya kichekesho chake: Malassezia mwenyewe anaitengeneza, na inadhaniwa ndiyo mojawapo ya vitu vinavyozubaisha seli za rangi ya ngozi. Ndiyo maana baka la utangotango linabaki limepauka wiki nyingi, hata miezi, baada ya fangasi kufa. Watu wanaendelea kupaka dawa kutibu rangi. Kama unga hautoki tena ukikwaruza, acha dawa, subiri ngozi.

*Mafuta.* Mama aliniuliza, "Na haya ya nazi?" Nikamwambia, "Hayo rudisha jikoni, mama." Malassezia hawezi kujitengenezea mafuta yake, anakula ya kwako. Anapenda yale yenye minyororo ya kaboni 11 kwenda juu hadi 24. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na mafuta ya zeituni yamejaa asidi ya oleiki yenye kaboni 18. Maabara inaonyesha asidi ya lauriki inaweza kuua vijidudu kadhaa, sikatai, lakini mwenye utangotango kujipaka nazi kifuani kila jioni ni kumpelekea mgeni sahani. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya petroli, Malassezia hana la kufanya nayo. Ukitaka kulainisha ngozi ukiwa na utangotango, mgando au glisirini ni salama zaidi. Ila usiyajaze katikati ya vidole, yatafungia unyevu.

*Vya jikoni na vya gereji.* Kitunguu saumu kibichi kina nguvu kweli, na kinaunguza kweli. Limau kwenye ngozi inayokwenda juani linaacha malengelenge na doa jeusi la miezi. Maji ya betri na mafuta ya taa, sitaki hata kuongeza neno.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kupaka kote

Paka kiasi cha punje ya harage sehemu ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko. Subiri siku mbili. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa malengelenge, haikufai. Mafuta ya mti wa chai, Whitfield na chochote chenye manukato usiruke hatua hii.

Hatua ya 5: Paka kwa mahali, siyo kwa mazoea

*Utangotango.* Oga, jifute maji yasitiririke. Paka shampuu ya mba kuanzia shingoni hadi kiunoni, mikono mpaka viwiko, hata pasipo na baka, maana fangasi yupo kabla hujamwona. Kama ni zinki pairithioni, iache dakika tano, kila siku kwa wiki mbili. Seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, dakika kumi, kila siku kwa siku saba. Vua mkufu na pete za fedha kwanza, itazichafua. Ketokonazoli ya asilimia 2, dakika tano, na siku tatu hadi tano kwa kawaida zinatosha. Suuza vizuri. Joto na jasho letu huurudisha, kwa hiyo wanaorudiwa kila mara wanaweza kurudia mara moja kwa mwezi.

*Mba.* Ketokonazoli mara mbili kwa wiki, wiki nne. Kwa wenye rasta au waliosuka, fikisha povu kwenye ngozi ya kichwa, nywele zenyewe ziache. Na punguza yale mafuta ya kichwa mazito.

*Choa na mapajani.* Hapa sifichi: kipodozi hakitoshi, nunua dawa. Klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, au terbinafini ya asilimia 1. Paka kuanzia nje kuja ndani, na uvuke ukingo wa duara kwa sentimita mbili hivi, kwa sababu anayesafiri yuko ukingoni na si katikati. Duara likishafutika, endelea wiki moja hadi mbili. Wengi wanaorudi kwangu waliacha siku muwasho ulipoacha.

*Katikati ya vidole.* Osha, kisha kausha kila uchochoro wa kidole kwa kitambaa safi. Pamba au karatasi laini inafaa. Subiri dakika chache ndipo upake. Klotrimazoli inahitaji kama wiki nne. Terbinafini ya kupaka mara nyingi huchukua wiki moja. Kama nyayo zimekuwa nene zenye magamba makavu mpaka pembeni, losheni yenye yurea asilimia 10 inalainisha, dawa ikapata njia.

*Mikunjo.* Klotrimazoli au mikonazoli kiasi kidogo, na hewa. Usiweke unga wa mahindi.

Hatua ya 6: Kausha kila kinacholowa

Mwanza ina kazi nyingi za kushinda umelowa. Anayesafisha samaki kiwandani yuko ndani ya gambuti saa nane au zaidi. Anayebeba dagaa mwaloni anakanyaga maji alfajiri mpaka jua linapanda. Bila kukausha, unapaka dawa kwenye bwawa.

Ukiweza, kuwa na jozi mbili za gambuti uzivae kwa kupokezana. Ukitoka kazini, zifute ndani, zijaze gazeti, ziache usiku kucha zimelala ubavu, kisha zisimamishe juani zikiwa zimeangalia chini kwenye miti miwili. Vaa soksi za pamba na ubebe jozi ya kubadilisha mchana. Viatu vya mtumba vya soko la Mlango Mmoja ni vizuri, nimevaa mimi mwenyewe, lakini kabla ya kuvivaa toa soli ya ndani uioshe kwa sabuni, na uvianike siku kadhaa.

Nguo za ndani, soksi na taulo loweka kwenye maji ya moto, anika juani zikiwa zimegeuzwa nje ndani, na piga pasi hasa kwenye mishono. Taulo moja kwa mtu mmoja. Ukijifuta, miguu iwe ya mwisho. Wenye fangasi za miguuni vaeni soksi kabla ya chupi: ukivaa chupi kwanza inapita kwenye vidole na kubeba fangasi kupeleka mapajani. Watu hucheka nikiwaambia hili, wiki ijayo wanarudi kukiri.

Helmeti ya bodaboda haina mwenyewe, vaa kitambaa ndani. Kwa kinyozi, uliza kichwa cha mashine kimefutwa na spiriti. Ukiona anakasirika, hama.

Hatua ya 7: Mahali ambapo kopo halifiki

Mapunye ya mtoto hayatibiwi kwa krimu. Fangasi ameingia ndani ya shina la unywele, na hakuna cha kupaka kinachomfikia humo. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini kwa wiki sita hadi nane au terbinafini, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, na griseofulvini inafanya kazi vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, kwa mfano maziwa au karanga. Shampuu ya ketokonazoli au seleniamu inapunguza kuambukiza wenzake darasani, basi. Kichwa kikivimba laini kikatoa usaha, usikikamue. Mwahishe kituoni, vinginevyo nywele za hapo huenda zisiote tena.

Kucha nene za njano nazo ni kazi ya miezi, na vidonge vyake vinataka daktari. Usiombe ketokonazoli ya kumeza dirishani: tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliibana kwa sababu ya kuumiza ini. Kama unatumia ARV au dawa za kifua kikuu, mwambie anayekuhudumia kabla ya kidonge chochote cha fangasi, kwa sababu dawa hizo hugongana.

Anza zahanati au kituo cha afya cha kata yako ikiwa wiki nne za dawa sahihi hazijabadilisha kitu, fangasi imetapakaa mwili mzima, una kisukari, au mguu umevimba, umekuwa wa moto na unapata homa. Hiyo ya mwisho ni siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Wakihitaji, watakwangua magamba kidogo, wayaweke kwenye tone la potasiamu haidroksaidi, na kuangalia kwa hadubini. Fangasi akiwepo ataonekana kama nyuzi zinazokatiza. Kinachowashinda wao ndicho kinachopandishwa hospitali ya Sekou Toure au ile ya kule juu Bugando. Usipake kitu siku chache kabla ya kipimo hicho, na beba tyubu zako zote, hata ile unayoionea aibu.

Fangasi iliyotapakaa ghafla kwa mtu mzima ni sababu nzuri ya kupima sukari na virusi vya UKIMWI. Mama wa Mwaloni nilipomgusia hilo alinitazama kidogo, akasema, "Nitapima, lakini wewe kwanza nipe dawa ya vidole." Nilimpa klotrimazoli moja, ya "tri", nikaandika kwa kalamu kwenye boksi: vidoleni, asubuhi na jioni, wiki nne. Shampuu nikamwambia ni ya shingo. Ile tyubu ya jirani aliiacha kaunta, kisha akarudi kutoka mlangoni kunikumbusha nisije nikaiuza.